Mikia ya Mjomba Mikidadi

Siku Martina alipomwita bibi harusi jina la bibi harusi wa wiki iliyotangulia, ukumbi mzima ulinyamaza hata zikasikika feni zikizunguka juu. "Makofi kwa Bwana na Bibi Neema!" alikuwa ametangaza kwa sauti iliyojaa. Aliyekaa pale mbele ndani ya shela aliitwa Vaileti. Na kwa balaa iliyozidi balaa, bwana harusi aliwahi kuwa na mchumba aitwaye Neema.

Video yake ilizunguka Morogoro nzima kabla watu hawajamaliza kula. Tangu hapo simu ya MC Tina, kama alivyoitwa kwenye sherehe, haikuita tena. Akarudi kwenye duka la vitenge la shangazi yake karibu na soko kuu, akawa anapima doti na kukunja, na kila mteja alipomtazama mara mbili, Martina alijua anachotazamiwa.

Basi Raya, rafiki yake tangu sekondari, akachumbiwa na Abdi, dereva wa trekta kule Dakawa kwenye mashamba ya mpunga. Raya hakutaka kusikia la mtu. Alimshika Martina mkono, akampeleka Bigwa nyumbani kwao, mbele ya kamati ya harusi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Mwajuma, mama yake mkubwa Raya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupanga watu kwenye mistari.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Martina.

"Marahaba. Raya, huyu si yule wa Neema?"

"Ndiye. Na ndiye ninayemtaka."

"Mwanangu, harusi yako ina wajomba. Wanashuka kutoka Kinole na vilemba vyao. Mjomba ukimkosea jina mbele ya wakwe, hiyo si sherehe tena, ni kesi."

Martina alitaka kusema atajitahidi. Lakini kinywa chake kilikuwa na mambo yake siku hiyo. Kilisema, "Mama mkubwa, nitawatambulisha ndugu wa pande zote mbili, mmoja mmoja, kwa majina yao. Na sitashika karatasi."

Mtu mmoja kwenye kamati alipaliwa na chai. Bi Mwajuma alivua miwani, akamkagua toka kichwani hadi kwenye ndala.

"Bila karatasi?"

"Bila karatasi."

"Haya. Ukikosea, maiki unaiacha hapo hapo, anaishika shemeji yangu."

Walipotoka nje Raya alimbana mkono. "Tina, una wazimu?"

"Nadhani ninao," alijibu Martina.

Martina alikuwa amepanga chumba Kihonda, na chumba cha pili kilikuwa cha Godlisten, kijana wa Machame aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo. Jumapili hiyo alimkuta uani akifua mashuka, akamweleza yote. Godlisten hakucheka. Alikamua shuka, akalitundika, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nilifeli mifupa ya ng'ombe," alisema. "Nilikuwa nasoma mpaka macho yanaota kutu, nikiingia kwenye mtihani, kweupe. Mwenzangu mmoja ndiye akaniambia, usiikariri, ipeleke mahali. Sasa mifupa yote ya ng'ombe ipo njiani kwenda kwa bibi yangu. Bega liko dukani kwa Mangi. Nikitaka naanzia kwa bibi narudi. Wewe una njia gani unayoijua hata ukifungwa macho?"

Martina hakuhitaji kufikiri. "Ya kupanda kwa babu, juu mlimani karibu na Morningside. Utotoni kila likizo nilikuwa nashuka nayo na tenga la mboga kichwani."

"Basi hilo ndilo kabati lako. Daraja, mfereji, jiwe, nyumba ya fulani, kila kituo unaweka mtu mmoja. Na usimweke tu amesimama, utampoteza. Mfanyie kituko. Kitu cha kuchekesha, au cha aibu kidogo. Akili haisahau aibu."

"Hilo nalijua," alisema Martina.

Wakajaribu hapo hapo. Godlisten alianza kutaja vitu vyovyote vilivyomjia mdomoni: mbuzi, mwamvuli, sabuni, kiti cha kinyozi, papai, redio. Martina alifumba macho akapanda mlima. Mbuzi akamweka pale lami inapoishia, amevaa viatu vya mchuchumio. Mwamvuli ukafunguka ndani ya mfereji na kuziba maji yote. Papai lilikaa kwenye baraza la Mama Fidelis, jirani wa babu, likimwamkia kila apitaye. Godlisten alipochoka kutaja, Martina alivirudisha vyote, kimoja baada ya kingine, bila kukwama. Kisha akageuka kule juu, akaanza kushuka, na vitu vikamjia kinyumenyume, hata yule mbuzi na viatu vyake.

Alipiga ukelele. Mama mwenye nyumba alitoka mbio na mwiko mkononi.

"Kuna nini jamani?"

"Nimekumbuka!"

"Umekumbuka nini?"

"Vyote, mama! Vyote!"

Toka siku hiyo Martina hakuwa mtu wa kukaa. Raya alipokwenda kuaga ndugu, naye alifuata nyuma, akiamkia wakubwa, akitazama nyuso, pua, vicheko, namna mtu anavyoshika kikombe. Halafu kila uso ulipanda naye mlimani. Shangazi Chausiku alisimama darajani na taa ya chemli inawaka saa sita mchana. Dada Pili alining'iniza mashada ya pilipili masikioni, macho yanamtoka machozi. Mgeni, kaka yake Abdi, alikalia begi kubwa katikati ya njia, hapishi mtu. Na Bi Tabu, maskini, alipandishwa kilima kikali na friji mgongoni.

Aliyemshinda alikuwa Mikidadi, mjomba mkubwa wa Raya. Walimkuta Kinole uani kwake, akibandua maganda ya mdalasini. Mrefu, mkavu, maneno machache. Aliitikia shikamoo bila kuinua macho, akamwambia Raya, "Tutakuja," basi. Jina lake Martina alilitafuna njia nzima ya kurudi, kwenye bodaboda, kwenye kona za mlima, halikutoa picha yoyote. Siku iliyofuata, yuko dukani anampimia mama mmoja kitenge, likafunguka lenyewe. Mikidadi. Mikia! Papo hapo alimwona yule mzee amekaa juu ya jabali kubwa la mwisho kabla ya kufika kwa babu, na nyuma yake imeteremka mikia ya mbega, myeupe na myeusi, inapepea. Alicheka peke yake mpaka mteja akaweka kitenge chini na kuondoka.

Shangazi yake alianza kumwangalia kwa wasiwasi. Lakini Martina alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utoto. Kila alipopata nafasi alipanda na kushuka. Alishangaa jinsi kichwa kile kile kilichomtia aibu kilivyokuwa na nafasi, jinsi kilivyokuwa kinasubiri tu apewe kazi ya kufanya.

Siku ikafika. Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi, na baada ya adhuhuri watu walijaa chini ya maturubai pale Bigwa. Nyuma ya nyumba moshi wa kuni ulipanda, harufu ya pilau imeshika mtaa, na mlima ulikuwa umekaa wazi bila wingu. Martina alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa. Alipokea maiki. Mstari wa mbele alimwona Bi Mwajuma, na pembeni yake yule shemeji, tayari ameketi upande mmoja wa kiti kama mchezaji wa akiba.

Na ndugu wote walikuwa wamehama viti. Jua lilikuwa limepenya upande mmoja wa turubai, wa Dakawa wamehamia kwa wa Kinole, watoto wamepakatwa na wasio wao. Ingekuwa ni karatasi ya kufuata viti, angekuwa amekwisha. Alivuta pumzi, akaikanyaga njia ya mlimani, akaanza na mwenyekiti, Bi Mwajuma, kisha akaendelea kupanda.

"Naomba asimame shangazi wa bibi harusi, mama mwenye nuru yake, Bi Chausiku!"

Akasimama. Vigelegele. Akafuata Pili, akafuata Salumu, akafuata Siwema. Mgeni aliinuka na kupunga mkono. Alipofika kwa Bi Tabu, minong'ono ilianza: hana karatasi, mtazame mikono, hana kitu. Simu zikainuliwa juu. Mtu mmoja alipiga kelele, "Huyo mtoto anayasoma wapi hayo majina?" na Martina alisikia damu inamchemka kwa raha, miguu imekuwa myepesi. Hakuwa tena anakumbuka. Alikuwa anatembea, na watu walikuwa wanamsubiri njiani, kila mmoja kwenye kituo chake, wanacheka naye. Alimaliza upande wa Dakawa, akarudi upande wa Kinole, akaanza kukwea kipande cha mwisho. Jabali lile likatokea.

"Na sasa, ndugu zangu, tusimame wote kwa heshima. Mwenye mtoto, nguzo ya ukoo, mjomba wetu mkubwa, Mzee Mikia!"

Lilikwisha kutoka.

Vigelegele vikakatika katikati. Shemeji akaanza kuinuka. Bi Mwajuma aliweka mkono kifuani. Yule mzee mrefu alisimama polepole, akaweka sawa kilemba chake, akamtazama Martina kwa mara ya kwanza.

"Umeniitaje, binti?"

Martina angeweza kusema ulimi umeteleza. Lakini alikuwa bado yuko juu ya mlima, na hakuweza kudanganya akiwa huko.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe. Wewe ni Mzee Mikidadi bin Kibwana wa Kinole. Jina lako lilikuwa linanikimbia, nikakuwekea mikia lisiende mbali. Nimekukalisha kwenye jabali, juu kule, njia ya Morningside. Ndugu wote nimewapanga njia ile ile. Wewe ndiye uko juu kuliko wote."

Mzee aliendelea kumtazama. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Mikia ya nini?"

"Ya mbega, mjomba."

"Mingapi?"

"Sikuhesabu. Ni mingi."

Mzee Mikidadi aligeuka, akawapa watu mgongo, akainua kidogo pindo la kanzu kwa nyuma na kuchungulia kama anayetafuta kitu alichodondosha. "Mwajuma," alisema bila kugeuka, "hebu nitazamie, dada yangu, mimi sioni mpaka huko."

Kicheko kilichotoka hapo kingeweza kung'oa turubai. Watu walishikana mabega. Bibi mmoja wa Dakawa alikaa chini kwenye mkeka akijipiga mapaja. Yule shemeji alirudi kwenye kiti, naye anafuta macho.

"Na dada yangu umemfanya nini?" mzee aliuliza.

"Usithubutu!" alisema Bi Mwajuma, lakini mdomo ulikuwa umeshamsaliti.

"Trafiki, mama mkubwa. Uko mwanzo kabisa wa njia. Una filimbi, unasimamisha malori."

Hata bibi harusi alisahau kuinamisha uso. Kutoka kila pembe zilianza sauti: "Na mimi? Mimi je?" Mgeni alipoambiwa habari za begi aliapa kwamba ndivyo alivyo, hapishi mtu. Bi Tabu alitaka kujua friji lenyewe lilikuwa la milango mingapi. Wengine walianza kubebeshana vituko wenyewe kwa wenyewe, Dakawa kwa Kinole, watu ambao asubuhi walikuwa hawajuani majina. Abdi alimwomba amhakikishie kwamba yeye hakuwekwa pabaya. Kabla sherehe haijafika nusu, akina mama wawili walikuwa wameshamshika Martina pembeni, mmoja ana binti anayeolewa mwezi ujao, mwingine ana mahafali.

Bi Mwajuma alimwendea mwishoni, akamkabidhi sahani ya pilau yenye nyama kuliko zote. "Hiyo njia yako," alisema kwa sauti ya chini, "nami utanifundisha. Wajukuu nawaita kwa majina ya mbuzi."

"Nitakuja kesho, mama mkubwa."

Alikuwa bado anatafuna tonge la kwanza aliposikia anaitwa kutoka nyuma ya nyumba. Walikuwa ni wapishi, wamesimama kwenye moshi na kanga zimefungwa viunoni, miko mabegani.

"We MC! Sisi mbona hujatutaja? Sisi hatuna njia?"

Martina aliweka sahani chini. Hakuwa anamjua hata mmoja wao. Alifuta mikono, akawafuata hadi kwenye masufuria, akamshika wa kwanza kati yao mkono, uliokuwa wa moto na wenye mafuta.

"Shikamoo, mama. Jina lako nani? Sema taratibu."