Aliyefiwa Husalimiwa Kwanza

Karakana nzima ilimwita Sponji, kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila chembe za sponji kwenye nywele. Jina alipewa na Seremala, na Seremala ndiye mtu pekee katika mji ule ambaye Sponji angeweza kusema huyu ni wangu. Seremala alichonga fremu za makochi, Sponji akazijaza na kuzivika kitambaa. Miaka sita. Mchana walikula bakuli moja, alilolipika Sponji alfajiri, wakitaniana kama mashemeji. Seremala alipenda kusema kwamba kochi la Sponji, hata likiwa jipya, lina kitambi cha fundi wake.

Kisha mke wa Seremala akafariki. Sponji alibeba jeneza, akashinda msibani siku tatu, akarudi kazini. Ikapita miezi minne, sikukuu ikafika.

Sponji alikuwa mtu wa kuja. Kwao, asubuhi ya sikukuu hugongi mlango wowote kabla ya mlango wa mfiwa. Aliyefiwa husalimiwa kwanza, tena kwa sauti, ili machozi yasimkute peke yake. Kumruka ni kumzika na maiti wake. Hapa ugenini sikukuu zote zilikuwa zimemkuta amelala chali anatazama dari, maana wenyeji siku hiyo hukaa na wa damu yao, na hakuna aliyewahi kumwambia karibu. Safari hii alikuwa na mlango wa kugonga. Aliamka mapema, akanyoa ndevu, akapiga shati pasi, akajitazama kwenye kipande cha kioo, akajiona mtu mwenye watu.

Akapiga hodi. Mlango ukafunguliwa.

"Heri ya sikukuu, ndugu yangu," alisema, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Heri kwako, heri kwa shemeji aliyetutangulia."

Seremala alikuwa na fulana ya kulalia, uso umemvimba. Nyuma yake chumba kilikuwa kiza, mapazia hayajafunguliwa. Dirisha la jirani likafunguka, mtu akachungulia.

"Umekuja kunicheka, Sponji?"

"Kukucheka? Mimi?"

"Nenda zako."

Mlango haukubamizwa. Ulirudishwa polepole mpaka komeo likalia. Afadhali angeubamiza.

Sponji alikaa kitandani na shati lake la pasi mpaka jioni. Dada yake alimtumia picha ya maua kwenye simu, ile ile anayowatumia watu wote. Tangu mlango ule urudishwe, hakusikia tena mtu akimwita jina.

Kazi ilipoanza tena, alikuta Seremala amegeuza benchi, anatazama ukuta. Fremu aliletewa na mama mwenye karakana mwenyewe. Ndiye aliyemfungua macho. Hapa, alimwambia, nyumba yenye msiba haipewi heri mpaka mwaka ugeuke. Watu hubadili hata njia wasije wakalazimika kufungua mdomo, na hiyo ndiyo heshima. Kumtakia mfiwa heri ni kumwambia afadhali marehemu kaondoka.

"Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako," alisema. "Miaka sita, na hilo hulijui?"

"Ningelijulia wapi, mama? Sikukuu zote hizo sijawahi kualikwa."

Mama alikung'uta kwenye fremu vumbi ambalo halikuwapo, akaondoka.

Mchana Sponji alimfuata Seremala benchini.

"Kaka, nimeambiwa. Sikujua."

Seremala aliendelea kupiga randa.

"Kwetu mfiwa ndiye huanzwa. Nisingekuja, ningekuwa nimekufukia pamoja na shemeji. Basi, ni hilo tu. Sikuja kucheka."

Randa ikasimama.

"Siku ile mlango wangu uligongwa mara moja tu," Seremala alisema, bila kugeuka. "Ndugu zangu wa tumbo moja walipita ng'ambo ya barabara. Ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nawatazama kwenye upenyo wa pazia."

Sponji alidhani sasa litakuja tusi dogo la utani, mambo yaishe.

"Lakini majirani walisikia. Wanasema nimefungua sherehe udongo haujakauka. Nikionekana nakula nawe, nacheka nawe, nitakuwa nimewaitikia kwamba ni kweli. Mwaka ukiisha, uje. Uje wewe wa kwanza."

"Ni miezi minane hiyo."

"Minane."

Sponji alirudi kwenye cherehani yake, akafunua bakuli. Alikuwa amepika cha watu wawili, mkono umeshazoea. Nyuma ya lundo la fremu alimsikia Seremala akitafuna mkate mkavu. Alikula nusu, nusu akaifunika, akashika mkasi.