Benedikta Ajifunza Kuanguka

Mwaka mzima Benedikta aliota ndoto ileile: anadondoka kutoka juu ya marobota ya mitumba, na chini hafiki. Huamka kakishika kiwiko, kile kilichovunjika siku aliyoteleza kweli pale sokoni Mchikichini. Mfupa uliunga, lakini kupanda hakuthubutu tena. Zamani alichagua robota kwa kulikanyaga peku, mguu ukimwambia kama ndani mna mashati au majinzi. Sasa alikaa chini, dada yake Victoria akimchagulia, na biashara ikawa ya kubahatisha.

Ndipo akamwendea mwalimu Rogath, muuza viatu wa Kariakoo aliyefundisha judo juu ya paa la ghorofa, alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Walifanyia mazoezi juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja, yamejazwa nguo zilizokosa mnunuzi.

"Shikamoo mwalimu. Leo natupa mtu?"

"Marahaba. Leo unaanguka."

Akaanguka. Alianza kwa kuchuchumaa, kidevu kifuani, kiganja kikipiga gunia, pa! Mara hamsini. Kesho yake hamsini nyingine. Baada ya miezi miwili alianguka kutoka nusu wima, na baada ya mitano akiwa wima kabisa. Wenzake walishapanda daraja, wakavaa mikanda ya njano.

"Dada Bene, utaanguka mpaka lini?" Brightness, mwanafunzi mwenzake, alimtania.

Iliuma, tusidanganyane. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila cha kwake aliona kama kina tundu. Aliendelea kujaza hivyohivyo. Kila alfajiri adhana zilikwisha, mabati ya Magomeni yakapata rangi, na ile pa! yake ikasikika mbali, kama mchi wa jirani. Kuna asubuhi alihisi haanguki, analazwa.

Siku moja marobota yalifika, Victoria anaumwa. Benedikta akavua kandambili. La kwanza, la pili, la tatu. Juu kabisa nailoni iliyofunga robota ikateleza.

Ikawa ile ndoto. Mashati yaliyotundikwa yalimpita polepole, sauti za watu zikatoka mbali, "Mama weee!" Kidevu kikaenda kifuani chenyewe. Safari hii chini palikuwapo, na kiganja kilifika mapema.

Pa!

Watu walishika vichwa. Benedikta alilala akiyasubiri maumivu, akakunja kiwiko, akakikunjua. Kicheko kikamtoka, na machozi pia.

"Lile la juu ni mashati," alimwambia muuzaji wa marobota, akijipangusa vumbi. "Mguu umeniambia. Ngoja nikahakikishe."

Akapanda.