Macho ya Milembe

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Nassa, ng'ombe wa Mayige walikufa, naye akamshtaki mjane Milembe kwenye mkutano wa kijiji kuwa ni mchawi.

“Ng'ombe wangu wamekufa,” alisema. “Milembe ana macho mekundu. Na pamba yake kawauzia wageni, sisi tukipeleka ushirika.”

Watu wakaguna, maana Usukumani macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Nyanjige, binti wa Milembe, alisimama.

“Baba Mayige, yote uliyosema ni kweli. Lakini hizo ni habari tu. Ipi kati yake inaonyesha kwamba mayu, mama yangu, ndiye aliyewaua?”

Mayige aliketi. Mwenyekiti wa kijiji akalifuta shauri kwa kukosa ushahidi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Milembe aliondoka kichwa juu, akiwa ameshikana mikono na bintiye.