Banda la Kuku Lililonunua Lori

Ukimsikia mtu anasema lori la kwanza la Sepuka lilinunuliwa na wanaume watano, mwambie Anastasia amekataa. Mimi ndiye Anastasia. Nilikuwepo, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mikia ya maksai ilinichapa usoni njia nzima. Wanaume walikuwepo pia, siwezi kuwanyima haki yao. Walishika viuno vizuri sana.

Ilikuwa mwaka ule Waingereza walipomtawaza Malkia wao. Mtama na karanga vilijaa mpaka maghala hayafungiki, lakini lori la kubebea lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Anakuja siku anayotaka yeye, bei anapanga yeye, na ukimuuliza swali anawasha moto anaondoka. Tukachoka. Nyumba tano tukakubaliana tununue lori letu wenyewe, kila nyumba itoe ng'ombe wawili. Kiongozi wetu alikuwa Leonidas, aliyeendesha magari ya jeshi huko Burma. Tangu arudi hajawahi kufunga mdomo kuhusu Burma.

Mume wangu Mughwai akatoa fahali mmoja. Wa pili hakuwepo zizini, isipokuwa Sabuni.

Sasa sikiliza. Sabuni hakuwa ng'ombe wa Mughwai, alikuwa wangu. Mama yangu alinikabidhi mkononi akiwa kitandani, siku zake za mwisho, mtamba mweupe wote isipokuwa pua. Nilipomzaa Dina maziwa yangu yalikauka, na huyo Sabuni ndiye aliyemlea mwanangu. Dina sasa alikuwa anakimbia na kubishana na watu wazima, lakini kila jioni lazima asimame mlangoni mwa zizi na kibuyu chake kidogo, akimwita Sabuni kama anamwita shangazi. Niliposikia neno mnada, nilimwambia Mughwai, "Uza kitanda, uza nguo zangu, Sabuni humgusi!" Maskini mume wangu akainamisha kichwa. Alikuwa ameshatoa neno mbele ya nyumba nne, na Mughwai ni mtu wa neno lake. Nililia, sikufichi.

Ng'ombe wengine tisa walikuwa wameshauzwa. Jumatatu tukaenda Singida mjini, wanaume watano, mimi, na Sabuni kwenye kamba. Ndama wake tulimwacha nyumbani na Dina, wote wawili wakilia. Kamba ile niliisokota mwenyewe kwa ngozi. Kwetu mnyama akiuzwa anakwenda na kamba yake. Ukiuza ng'ombe ukabaki na kamba, watu wanasema moyo wako haujatoa, na mnunuzi ana haki ya kurudi kuidai. Njia nzima nilikuwa naiangalia kamba ile na kuwaza ni mkono wa nani utakaoishika.

Muuza magari aliitwa Bwana Karsan, mtu mnene mpole mwenye kofia nyeusi. Uani kwake lilikuwa limesimama lori jipya, rangi ya majani mabichi, kioo kinang'aa. Ebo! Wanaume wangu wakasahau kila tuliloagana njiani. Mnadani mtu ukimpenda ng'ombe unamtazama pembeni, unasema amekonda, unasema pembe zake mbaya. Hawa je? Leonidas alilipapasa shavu. Mughwai akacheka peke yake. Mwingine akasema kwa sauti, "Hili ndilo letu!" Nikajua bei haishuki tena hata senti.

Kweli haikushuka. Leonidas aliomba, akasimulia Burma, akaomba tena. Bwana Karsan akatikisa kichwa kwa huruma. "Bei ni ya kampuni, si yangu. Punguzo liko moja tu mwezi huu, kwa ajili ya sherehe ya Malkia. Mtu akileta gari lake la zamani, namkatia sehemu nzuri kwenye jipya. Mwisho Jumamosi mchana."

Alipotaja hiyo sehemu, nikaipima haraka kichwani. Ilikuwa bei ya ng'ombe mzuri na chenji juu. Wanaume wakatazamana. Gari la zamani watalitoa wapi watu ambao hawajawahi kuwa na gari?

"Basi," Leonidas akasema, "mnada ni Jumamosi hiyohiyo. Tutamuuza Sabuni, tumalize."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na Sabuni, naye akanipumulia shingoni. Hapo ndipo akili ikanifunguka. Jamani! Tulikuwa na gari. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu, na asubuhi ya jana yake nilikuwa nimeokota mayai ndani yake.

Mzee Marko alilinunua kabla ya vita kwa fedha za asali, kutoka kwa Mgiriki aliyekuwa anahama. Likatembea kidogo, likafa, kuku wakahamia. Mimi niliolewa nikakuta linaitwa banda. Wote tulilipita kila siku, tukalifungua asubuhi na kulifunga jioni, na hakuna aliyekumbuka kwamba lile lilikuwa gari. Ukifuga kuku mahali miaka yote hiyo, macho yanaona kuku tu.

"Bwana Karsan," nikasema, "hilo gari la zamani, lazima liwe zima?"

"Hata bovu, mama. Kampuni inataka chuma."

"Lazima lije kwa moto wake?"

Akacheka tumbo likatikisika. "Lije limesimama kwenye magurudumu yake manne, livuke lango hili. Limevutwa na nini, sitauliza."

"Umesema mbele ya watu," nikamwambia.

"Nimesema mbele ya watu."

Nikawageukia wanaume. "Nikilileta, punguzo hilo ndilo ng'ombe wa pili wa nyumba yetu. Sawa?" Leonidas akakubali, lakini akaweka sharti lake. Yeye atabaki mjini na Sabuni. Jumamosi jua likifika kichwani hajaniona, anampeleka mnadani. Nikampa kamba mkononi. Mkono wangu haukutaka kuiachia.

Tuliporudi Sepuka, Mzee Marko tulimkuta anaota jua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Baba, naomba banda la kuku."

"Na kuku wangu walale kwako kitandani?"

Nilimwahidi kwamba Mughwai atajenga banda jipya kabla ya mvua. Mughwai akaitikia haraka, naye hata hakuwa ameulizwa. Mzee akafikiri, akatema mate, akasema gari lake haliendi mjini bila yeye mwenyewe kukaa kwenye usukani. Sawa. Hilo lilikuwa rahisi.

Shida ilikuwa magurudumu. Matatu yalikuwepo, mipira imeoza, tukaisindilia nyasi na kuifunga kwa mikanda ya ngozi mbichi mpaka ikawa migumu. La nne halikuwepo. Kila mtu Sepuka alijua liliko, maana kila Jumapili lilituamsha. Lilikuwa linaning'inia nje ya kanisa, na katekista Simeoni analigonga kwa nondo. Ndiyo ilikuwa kengele yetu.

Simeoni alinitazama kama nimeomba altare. "Na Jumapili waumini wataitwaje?"

"Nitawaita mimi mwenyewe, kwa mdomo."

Akafikiri kidogo. "Mdomo wako naujua," akasema. "Utafika mpaka Mgori." Akaifungua kengele, lakini akaniapisha nirudi na kitu cha kuitia watu. Nayo tukaifunga nyasi na mikanda kama yale mengine matatu.

Maksai wa plau tuliomba nyumba kwa nyumba, na kwetu mtu akikupa maksai anakuja nao mwenyewe, na akija lazima anywe. Pombe ya mtama ikapikwa, togwa ikapikwa, na Ijumaa alfajiri nusu ya kijiji ilikuwa nyuma ya lile gari bovu. Mzee Marko juu kwenye usukani amevaa koti lake la kanisani. Kuku wawili walikataa kutoka, wakasafiri naye.

Ee, njia ile! Nyasi zinatoka kwenye mipira, tunashuka, tunasindilia. Maksai wanasimama, tunawaimbia. Penye mteremko gari linataka kuwakanyaga maksai, tunalivuta nyuma kwa kamba, na Mzee Marko anapiga kelele, "Breki! Breki!" wakati breki zilikufa kabla Mughwai hajaota ndevu. Tulilala njiani. Usingizi haukunijia, nilikuwa naona mkono wa mtu nisiyemjua umeshika kamba ya Sabuni.

Jumamosi tulipoyaona mawe makubwa ya Singida, jua lilikuwa limepanda sana. Watoto wa mjini wakatufuata wakicheka, "Kuku wanaendesha! Kuku wanaendesha!" Chekeni, nikasema moyoni, chekeni tu. Tukakata kona ya sokoni, na pale mbele, katikati ya barabara, nikamwona Leonidas anakwenda mnadani. Nyuma yake Sabuni wangu anatembea polepole na kamba shingoni.

Niliachia sauti ambayo sijawahi kuitoa tena tangu siku ile. "LEONIDAAAS! Rudisha ng'ombe wangu!"

Sabuni ndiye aliyenitambua kwanza. Aligeuka ghafla, Leonidas akavutwa, akaenda chini na magoti yake ya Burma. Ng'ombe akaja kwangu mbio. Leonidas alipoinuka akatazama jua, akalitazama gari na kuku na mzee juu yake, akavua kofia.

"Bado hatujavuka lango," akasema, na badala ya kubishana akatupa kofia kando akaingia kwenye kamba pamoja na maksai.

Hatua chache kabla ya lango, mkanda wa gurudumu la kengele ukakatika. Nyasi zote zikamwagika, chuma kikagonga mawe. Ngo! Ngo! Ngo! Mji mzima ukasikia. Maksai wakagoma. Tukaingia nyuma, wanaume, wanawake, wale watoto waliokuwa wanatucheka, mama mmoja muuza vitumbua akaweka sinia lake chini akasukuma kwa bega. Nilisukuma mpaka nikaona nyota. Likayumba, likalia, likavuka. Kuku mmoja akaruka juu ya kofia ya Bwana Karsan.

Bwana Karsan akalizunguka gari letu, akagusa gurudumu moja baada ya jingine. Halafu akafuta machozi, maana alikuwa anacheka mpaka analia.

"Manne," akasema. "Limesimama. Limevuka. Mama, punguzo ni lako."

Vigelegele! Nilimkumbatia Mughwai hadharani, mchana kweupe, na Mzee Marko akajifanya haoni.

Walipomaliza mambo yao ya fedha, nikafungua ile kamba ndefu ya ngozi iliyovuta gari, nikaikunja, nikampa Bwana Karsan mkononi. "Hii ni ya nini?" akauliza. Nikamweleza kwamba kwetu mnyama hauzwi bila kamba yake. Gari nimelitoa kwa moyo wote, na kamba hii hapa.

Akaishika, akaitundika begani.

"Na wewe," nikasema, "kamba ya hili jipya iko wapi?"

Wanaume wangu wakaanza kukohoa. Mughwai akanivuta kanga. Lakini Bwana Karsan alikuwa mfanyabiashara, na wafanyabiashara wa kweli wanaelewana hata kama mmoja anauza karanga. Akamwita karani wake Filipo. Likatoka gurudumu la akiba, likatoka turubai, zikatoka jeki na spana kwenye mfuko wake. "Kamba yake ni hii," akasema. Nikamwomba na kipande kimoja cha chuma cha zamani chenye mlio mzuri. Akanipa rimu kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Wanaume wakapanda mbele, wanasukumana kama watoto. Mimi nilisema mzigo wa kwanza wa lori hili nauchagua mimi. Tukaweka mbao, na Sabuni akapanda, kamba yake mkononi mwangu, kamba niliyoisokota mwenyewe. Maksai na watu wao walifuata nyuma taratibu, wanaimba.

Tuliingia Sepuka jua linakaribia kuzama. Leonidas alishikilia honi kuanzia shamba la kwanza, na watu walitoka majumbani kama moto umewaka. Simeoni alikuja mbio, akaiona rimu mpya, akaigonga palepale kwa jiwe, akasema hii itawaamsha hata wafu. Lakini mimi nilikuwa namtafuta mmoja tu. Dina alikuja katikati ya miguu ya watu, ndama anamfuata, kibuyu chake kimebanwa kifuani.

"Mama, umemuuza?"

"Inua macho, mwanangu."

Sabuni alitoa kichwa juu ya ubao wa lori, mweupe wote, akalia kumwita ndama. Dina akakaa chini mavumbini akaanza kulia, halafu akaanza kucheka, vyote pamoja. Leonidas akashuka. Hakusema neno la Burma wala la Singida. Akambeba ndama begani, akampandisha juu ya lori, ndama akachukua chuchu yake. Kisha akamnyanyua Dina na kibuyu chake, akamkalisha juu ya gurudumu la akiba.

Nikachuchumaa juu ya mbao zile mpya, mbele ya kijiji kizima, nikamkamua Sabuni. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa kibuyu. Dina akanywa mpaka akabaki na masharubu meupe, akafuta mdomo kwa mkono, akawaambia watu waliosimama chini, "Huyu ni wetu. Hata lori ni lake."