Damu Kwenye Farasi wa Farao

Kabla hajaning'oa jino, Profesa alikuwa mtu wa adabu sana. Wiki nzima alinisalimia mlangoni, akaacha begi na kalamu kabatini, akanawa mikono, akaingia kusoma. Mimi ni mlinzi wa chumba cha maandiko ya Kiebrania, ghorofa ya nne ya maktaba ya chuo kikuu, hapa Johannesburg. Nilimwamini. Alikuwa na miwani ya watu waliosoma.

Mkuu wa chumba ni dada Jelimo, Mkenya, anayesoma Kiebrania kama mimi ninavyosoma bei ya chipsi. Sheria zake: penseli tu, maji hakuna, chingamu hakuna, na mlinzi asiwe na rungu, lisije likaangukia kitabu.

"Na likimwangukia mwizi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Mwizi hana miaka mia tano, Ezéchiel."

Alhamisi Profesa aliomba kitabu cha sala za Pasaka, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama. Ndani mna picha moja ya ukurasa mzima: askari wa Farao wanazama, farasi midomo wazi, bahari ya buluu na dhahabu. Dada Jelimo alikilaza juu ya mto, akazibana kurasa kwa kitu tunachokiita nyoka. Ni mfuko mwembamba wa kitambaa, mrefu kama mkono, umejazwa madini ya risasi. Ukiuona utadhani ni mkanda wa gauni. Ujaribu kuunyanyua.

Nilisikia krrr, kama zipu. Dada Jelimo naye alisikia. Alipoinua macho, ukurasa ulikuwa umeshaingia ndani ya shati la Profesa, na mkononi alikuwa na wembe.

"Rudisha," alisema dada Jelimo, huku akibonyeza kitufe chekundu ukutani.

Mlango wa chuma ukajifunga. Ndipo akili ikanijia: mlango ule ulitengenezwa ili vitabu visitoke. Aliyeutengeneza hakujiuliza sisi tutakuwa upande gani. Haufunguki kutoka ndani. Ufunguo anao Omollo, mlinzi mwenzangu wa ghorofa ya chini kabisa, na lifti ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.

Profesa aliupiga mlango mateke mpaka shati likamchomoka kwenye suruali. Nikasogea na Kiswahili changu cha Lubumbashi, "Papa, tulia kwanza," nikapokea kiwiko cha mdomo. Jino nililimeza, maana kutupa taka mle ndani ni marufuku. Nilipoanguka akanikanyaga mbavu, mara ya pili kwa kisigino, nikasikia kitu kinavunjika na kitu hicho ni mimi.

Halafu akamkamata dada Jelimo kwa rasta zake, akamwekea wembe shingoni.

"Fungua!"

"Haufunguki kutoka ndani."

"Basi nitakufungua wewe."

Akakandamiza. Uzi mwekundu ukateremka mpaka kwenye kola. Dada Jelimo hakupiga kelele. Alifumba macho tu, na mimi nikajua kwamba Omollo hatafika.

Ukurasa ulikuwa chini, karibu na shavu langu. Ulikuwa umemponyoka wakati wa yale mateke. Nikauokota, nikapiga magoti, nikaushika kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kupasua gazeti.

"Mwachie, au naupasua."

"Ezéchiel, hapana!" Hapo sasa ndipo alipopiga kelele! Wembe shingoni, na bado ananigombeza mimi.

Ila kelele ile ndiyo iliyomwaminisha Profesa. Nikauvuta. Ngozi ya ndama haipasuki kama daftari, inalia kwanza. Damu ya mdomo wangu ikadondoka juu ya bahari.

Akamsukuma dada Jelimo, akanirukia. Wembe uliingia juu ya kiwiko ukatokea karibu na kifundo cha mkono, nikaona nyama yangu mwenyewe, nyeupe kabla ya kuwa nyekundu. Alikuwa anauinua tena.

Nyoka akampata sikioni. Dada Jelimo alikuwa amemshika kwa mkia, kwa mikono yote miwili. Pigo la pili lilivunja vidole vilivyoshika wembe, vikalia kama biskuti. La tatu, miwani. Mtu akalala. La nne.

"Dada, inatosha, amelala."

"Hilo lilikuwa la ukurasa."

"Na la jino langu je?"

Akampa la jino.

Omollo alipofungua alikuwa anahema. "Eish, ngazi hizi zitaniua," alisema, kisha akatuona.

Dada Jelimo alikuwa ameshapiga magoti kando ya ukurasa, anagusagusa damu kwa karatasi ya kunyonyea.

"Dada, mkono wangu," nikamwambia.

"Mkono utashonwa."

Kisha karatasi ikamponyoka. Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Akavua skafu, akanifunga mkono, akaukaza kwa meno, na muda wote alikuwa analia na kunitukana kwa Kikalenjin.

Ukurasa ulirudishwa kitabuni. Damu haikutolewa, wataalamu walisema ikitoka, dhahabu nayo itatoka. Katika maelezo ya kitabu dada Jelimo akaongeza mstari mmoja: doa la damu, karne ya ishirini na moja, kando ya farasi wa tatu. Wasomaji wakimuuliza ni ya nani, ananyoosha kidole mlangoni, ninapokaa.

Rungu hawajanipa. Wamenipa nyoka wangu mwenyewe.