Kinyozi Aliyekaukwa na Mate

Watu walimwita Kasuku, na ukishakaa kwenye kiti chake mara moja hukuhitaji kuuliza kwa nini. Akishakufunga kitambaa shingoni umetekwa. Atakueleza habari za mpira, za majirani, za mteja aliyesinzia akaamka hana ndevu, na kabla mashine haijafika kisogoni utakuwa umecheka mpaka akuambie utulie asije akakukata sikio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache aliyependa kusema kwamba yeye hulipwa kunyoa, Kasuku hulipwa kuongea.

Ugonjwa nao ulijua pa kumpiga. Ulianza kama maumivu ya koo yasiyosikia dawa, ukafuata uvimbe chini ya taya, mgumu kama kokwa. Vipimo vikasema ni saratani, imeota nyuma ya ulimi. Walimpasua shingo wakatoa tezi, kisha wakampeleka kwenye mionzi, wiki baada ya wiki, akilala chali huku kinyago cha plastiki kimembana uso asitikisike. Yote hayo aliyavumilia. Alikuwa akienda hospitali kama mtu aendaye kazini: ana saa ya kufika, ana watu wa kuwasalimia, ana adui wa kupambana naye. Siku ya mwisho wauguzi walimpigia makofi, mkewe akalia kwenye korido kwa furaha, na kila aliyepiga simu alisema neno lilelile: umeshinda.

Tatizo lilianzia hapo.

Nyumbani ndugu walikuwa wamejaa sebuleni. Wakamketisha mbele ya sahani ya wali na kuku, wakasubiri ale. Akatia kipande mdomoni. Ilikuwa kama kutafuna boksi. Mionzi ilikuwa imekausha mate, hana hata tone la kulainishia tonge, na kile kipande kikazunguka zunguka kikakwama. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, akakimbilia jikoni kukitema, kisha akaingia chumbani na kujifungia. Nyuma yake mtu mmoja akaanza kuzungumzia mvua.

Tangu hapo akawa anakula peke yake, uji mwepesi na supu iliyochujwa, uso ameugeuzia ukuta. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na baadhi ya maneno yalimtoka yamepinda. Mkono wa kulia haukupanda juu ya bega, maana mshipa wa fahamu uliguswa kwenye upasuaji. Kinyozi gani hainui mkono? Alikuwa ameelekezwa mazoezi: asimame mbele ya ukuta, atembeze vidole kwenda juu kama buibui; apachike vijiti vya aiskrimu katikati ya meno, akiongeza kimoja kimoja, taya lisikaze. Alifanya kidogo akaacha. Wageni wakija, mkewe alitakiwa kusema amelala.

Kilichomtesa zaidi ni ile huzuni yenyewe. Kuna wenzake waliopata mionzi pamoja naye ambao hawakufika mwisho. Yeye yu hai. Mbona basi anaamka kifua kizito kama mfiwa? Alijiona hana shukrani, na aibu ya hilo ikamfanya anyamaze zaidi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mashine yake ipo pale pale sebuleni. Alivumilia kwa muda. Asubuhi moja alimpelekea uji, Kasuku akausukuma.

"Sitaki."

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Mimi si mgonjwa. Si mmesema nimeshinda?"

Mke akaweka bakuli chini, akakaa kitandani. "Baba," akasema, "mimi sikukuuguza ili nipate mtu wa kumfungia chumbani nikimpelekea bakuli. Nilitaka urudi wewe. Huyo mshindi simjui."

Kasuku alitaka kumjibu kwa ukali, lakini kilichotoka ni kilio. Hakuwa amelia tangu alipoambiwa jina la ugonjwa wake. Alilia kwa ile sauti mbovu, akasikia anavyolia vibaya, akazidi kulia. Mke akamkumbatia upande usio na kovu na hakumwambia anyamaze. Uji ukapoa ukaweka utando.

Siku ya kliniki ilipofika, mke ndiye aliyemweleza muuguzi yote, Kasuku akitazama sakafu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Hakushangaa hata kidogo.

"Wengi hufika hapa," alisema. "Mkiwa kwenye matibabu hampati nafasi ya kuogopa. Yakiisha, ule woga wote mliouweka akiba unakuja kwa mkupuo. Huko si kukosa shukrani, kaka yangu. Ni uchovu."

Akampangia siku ya kuonana na mshauri nasaha wa hospitali. Akamweleza bila kumpamba kwamba ladha na mate huchukua miezi kurudi, na huenda visirudi vyote. Kisha akampa kazi moja: asile peke yake tena. Hata kama ni vijiko vitatu vya uji, awepo mtu.

"Nitawatia watu kinyaa," Kasuku akasema.

"Muulize huyu."

"Mimi?" mke akasema. "Mtu anayekata kucha kitandani miaka yote hii? Kinyaa changu kilishakwisha."

Kasuku alicheka. Koo lilimuuma, lakini alicheka.

Mgeni wa kwanza kukaribishwa tena alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu ambaye kila Jumamosi alikuwa dukani. Alikuta mabakuli mawili ya uji mezani, moja likiwa lake.

"Nimekuja hapa mara nyingi naambiwa umelala," alisema akivuta kiti. "Leo nikasema, huyu lazima ameshashiba usingizi."

Kasuku akaonyesha koo lake. "Siongei vizuri, Mwalimu."

"Ndiyo maana nimekuja. Miaka yote hii hujawahi kunipa nafasi."

Akavua kofia, akainamisha kichwa. "Hebu kitazame. Kina nini cha kunyolewa kila wiki?"

Kasuku alikitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiye na mashine mkononi. Kulikuwa na vinyweleo vya kuhesabika juu ya masikio, basi. Kwingine kote kulikuwa kweupe kama sahani.

"Mke wangu alipofariki," Mwalimu akasema, "nyumba ilinyamaza mpaka nikawa nasikia friji inavyopumua. Nikaona niende kwa yule kinyozi mwenye kelele. Hukunipa pole wala nasaha. Ulinisimulia habari ya mbuzi aliyeingia harusini akala shada la bibi harusi. Nikacheka, na sikuwa nimecheka tangu mazishi. Wiki iliyofuata nikarudi. Shemeji yako akaniambia, Mwalimu, nywele bado hazijaota. Nikamwambia, nitanyolewa hivyo hivyo."

Kasuku akaweka kijiko chini. Siku zote alidhani maneno yake ni kelele za kusogezea muda. Hakujua kuna mtu aliyekuwa akitembea nayo mpaka nyumbani.

"Sasa ni zamu yangu kupiga kelele," Mwalimu akaendelea. "Ila nakuonya, sijui kusimulia."

Na kweli hakujua. Alianza kisa cha mwanafunzi aliyejificha kabatini, akarudi nyuma kusahihisha ni darasa la ngapi, akaeleza ukoo wa baba wa yule mwanafunzi, akabishana na nafsi yake kuhusu rangi ya kabati. Kasuku alisubiri mahali pa kuchekea, huku akinywa uji, na alipotazama bakuli lilikuwa tupu.

"Ikawaje mwishoni?" akauliza.

"Nimesahau. Jumamosi nitakuwa nimekumbuka."

Akawa anakuja kila Jumamosi. Alipogundua mazoezi ya ukutani, naye akasimama kando ya Kasuku kutembeza vidole, maana bega lake lilikuwa la kizee, na mke akiwa kwenye cherehani alikuwa akiwahesabia na kumkemea anayeiba hesabu. Kwa mshauri, Kasuku alijifunza kusema "leo nina siku mbaya" bila kuomba radhi. Siku mbaya hazikuisha, ila zikaanza kupishana na nyingine.

Hatimaye alirudi dukani, nusu siku tu, chupa ya maji mfukoni. Watoto na watu wafupi ni wake; warefu anawasukuma kwa shemeji. Kovu hakulificha. Mteja akilikodolea macho, humwambia mwenyewe: "Walinifungua, wakakuta maneno yamejaa, wakapunguza." Sasa akishamfunga mtu kitambaa huuliza, "Wewe unaendeleaje?" na husubiri jibu. Wengine hujibu salama tu. Wapo waliojibu mpaka shemeji akazima mashine yake ili asikie.

Kipimo cha kwanza cha kuangalia kama ugonjwa umerudi kilipokaribia, usingizi ulimpaa. "Naogopa," akamwambia mkewe. "Hata mimi," mke akajibu, na wakaogopa wote wawili, jambo lililokuwa jepesi kuliko kuogopa kila mtu kivyake.

Daktari alitazama picha, akasema hakuna kitu kinachoonekana, waonane tena baada ya miezi kadhaa. Hakuahidi zaidi, nao hawakumwomba zaidi. Wakatoka wakakaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango la hospitali, juani.

"Asante," Kasuku akasema.

"Ya nini?"

Alifikiria aanzie wapi. Sauti yake isingemfikisha hata robo ya yale aliyotaka kusema.

"Yanywe kwanza hayo maji," mke akasema, akimfungulia chupa. "Utaniambia tukiwa njiani."

Akanywa. Kisha wakainuka, wakaanza kutembea, naye akaanza kumwambia.