Kipa Aliyekataa Kutoka Golini

Tangu asubuhi Japheth, dereva wa basi la klabu, alikuwa amefura, na hasira yake haikuwa ya bure. Jioni hiyo ya 2012 klabu ilikuwa inamuaga kwa mechi kipa wake, Anselmo Ovelar wa Paraguay. Picha zake zilikuwa zimebandikwa kote mtaani Al Sadd, Doha, keki imeagizwa hotelini, wakubwa wamealikwa. Lakini khuruji, kile kibali ambacho bila sahihi ya mwajiri huwezi kutoka Qatar, meneja wa klabu alikuwa amemnyima. Mama yake Anselmo yu mahututi huko Asunción, na meneja anamwambia asubiri mwezi ujao, kuna wageni watakaotaka kupiga naye picha. Jamani, mgonjwa naye asubiri kamera?

Huyu ni mtu aliyeacha jina kubwa kwao na Argentina, akaja Doha 2004, akavunjika vidole akidakia klabu hii, akapangua penalti iliyowaletea kombe. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Na Japheth alilijua hilo teke. Mama yake alipofariki Kakamega, meneja huyu huyu alimwambia msimu haujaisha. Yeye, kifungua mimba, kaburi likafukiwa hajatupa hata konzi moja ya udongo. Mazishi ya mama aliyaona kwenye simu, ameketi ndani ya basi, na hadi leo wajomba hawamsemeshi.

Mechi ilipokaribia kuisha, kibao cha kubadilisha wachezaji kikainuliwa ili Anselmo atoke akishangiliwa. Uwanja mzima ukasimama. Anselmo akavua glavu, akaketi kwenye mstari wa goli, akaegemea mlingoti. Refa akamsihi, wapi! Meneja akaja mbio, jasho linamtiririka. Anselmo akamjibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwa sauti iliyozoea kukemea mabeki, na Japheth aliyekuwa kando ya uwanja akasikia kila neno.

"Umenizuia nisitoke nchini. Basi na hapa sitoki."

Kamera zikamgeukia. Wakubwa wakaanza kuulizana kulikoni. Kile kibali kilichoshindikana wiki nzima kikapatikana kabla wachezaji hawajaoga.

Japheth akampeleka uwanja wa ndege. Meneja naye akapanda, eti amsindikize, akamkumbatia mbele ya waandishi bila haya. Walipokuwa wakirudi akajiegemeza kwenye kiti cha nyuma ya dereva, akaanza kujisifu. Mama ni mama, akasema, na mtu mkubwa kama yule huwezi kumzuia asimwone mama yake.

Japheth akaegesha basi kando ya barabara, akazima injini, akautia ufunguo mfukoni.

"Mama yangu mimi alikuwa mdogo?"

Meneja akamwambia aendeshe gari. Japheth akafunga mikono kifuani, akabaki ameketi palepale.